Dirisha Linafungwa Saa Kumi

Mtu akisema mbele yangu kwamba Kamanthe ana bahati, chai hunipalia. Bahati gani? Nimeishi ng'ambo ya ua wake tangu mwaka wa tisini, hapa Katoloni, pembeni mwa mji wa Machakos, na sijaiona hiyo bahati ikipita njia hii. Nilichoona ni mwanamke mfupi, mwenye sauti ya chini na kichwa kigumu, akifuma sweta za shule ndani ya sebule yake mpaka sebule ikasahau kwamba ni sebule. Mimi naitwa Pauline, ni mwalimu wa darasa la kwanza, na kazi hiyo imenizoesha kusahihisha watu hata pale ambapo hawajaniomba. Basi nisahihishe hili la bahati.

Kamanthe aliolewa na Mwanzia, aliyekuwa karani wa serikali. Katikati ya miaka ya tisini serikali ikapunguza wafanyakazi, na Mwanzia akajikuta nyumbani na barua mkononi. Wanaume wengine walioachishwa kazi wakati ule walikunywa kiinua mgongo chao mpaka kikaisha. Kamanthe hakumpa wake nafasi. Walikwenda pamoja wakanunua mashine ya kufuma, ile ndefu ya kusukuma kwa mkono kwenda na kurudi, yenye sindano zilizopangwa kama meno ya kitana. Mwanzia akapata kazi ya kutunza stoo kwenye ranchi moja upande wa Konza, akawa anarudi Jumamosi moja na kuruka nyingine, vumbi mpaka kwenye nyusi. Siku zilizobaki Kamanthe alikuwa peke yake na mashine yake, na binti yao mmoja, Kalunde.

Jina hilo Kalunde ni la mama yake Mwanzia. Kwetu Wakamba msichana wa kwanza humchukua nyanya wa upande wa baba, na jina hilo si la pambo. Nyanya akija siku moja akasema, "Nipe jina langu," yaani mtoto mwenyewe, mkaza mwana hujikuna kichwa, kwa sababu anajua ameguswa pasipo na jibu rahisi. Nyanya huyo alikaa Kathiani, mjane mwenye ng'ombe wawili na ulimi usiozunguka. Mtoto alimwita Susu, ndivyo tunavyoita nyanya kwa Kikamba, na sisi sote tukamwita hivyo hivyo.

Kazi ilianza vizuri. Kamanthe ana mkono. Sweta yake haivutiki ikawa gauni baada ya kufuliwa mara mbili, na mistari ya shingoni hukutana pale inapotakiwa kukutana. Mama mmoja alimwambia mwingine, shule moja ikaiambia nyingine, na kufikia mwaka wa tisini na tisa alikuwa akifumia shule kumi na mbili. Maruni yenye mistari miwili ya njano. Kijani chenye mmoja mweupe. Bluu ya huku, bluu ya kule, na ole wako uchanganye hizo bluu mbili. Sweta zilikaa kwenye viti, juu ya kabati, chini ya kitanda cha mtoto. Siku moja niliketi juu ya rundo la mikono ya sweta, nikidhani ni mto.

Lakini kilichommaliza Kamanthe hakikuwa kufuma. Kilikuwa chai.

Ukiingia dukani mjini, muuzaji hakudai na wewe humdai, mnamalizana kaunta mnaachana. Kamanthe hakuwa na duka. Alikuwa na nyumba. Na mtu akiingia kwenye nyumba ya Mkamba, akasalimiwa, akaketi, hawezi kuondoka bila kutiliwa kitu mdomoni. Hilo halina mjadala. Basi mama mmoja kutoka Kola aliyekuja kuuliza sweta ya mtoto wake iko tayari aliketi, akapewa chai. Katekista aliyemleta kitukuu wake apimwe sweta akapewa chai na andazi. Mwenye kuja kuangalia tu bei, chai. Nami, nisijitoe, nilikuwa kiongozi wa kundi hilo. Nilikuwa natoka shule, nakata kona kwa Kamanthe, naketi, natoa viatu. "Nimepitia tu," nasema, kisha nakaa mpaka jua linashuka nyuma ya milima.

Yeye akawa anasukuma mashine, anainuka kuangalia maziwa, anarudi, anahesabu upya sindano alizokuwa amefikia, anainuka tena. Mara maziwa yamemwagika. Mara amemtilia katekista chumvi badala ya sukari, na yule mzee, kwa adabu, akamaliza kikombe kizima. Tulicheka sana siku ile. Sasa nikikumbuka uso wa Kamanthe, naona hapakuwa na la kucheka. Maji yalikuwa yamemfika shingoni na sisi tulikuwa tumeketi ukingoni na vikombe vyetu.

Halafu likatokea la sweta. Ilikuwa Julai, asubuhi ya baridi, na watoto wamepanga mistari mbele ya shule yetu. Mwalimu wa zamu akapita akikagua. Akasimama mbele ya Kalunde, wakati huo yuko darasa la pili. Mtoto alikuwa amevaa kijani chenye mstari mweupe. Sisi ni maruni. Mama yake, katika kukimbia huku na huku, alikuwa amenyoosha mkono kwenye rundo lililokuwa karibu, akamvika sweta ya shule nyingine kabisa, na mtoto akaenda hivyo bila kusema neno.

"Rudi nyumbani ukavae yunifomu," mwalimu akamwambia.

Basi mtoto wa mfuma sweta, anayelala juu ya sweta, akarudishwa nyumbani kwa kukosa sweta. Machakos nzima ilicheka. Habari ilifika Kathiani kabla mtoto hajafika nyumbani kwao, au angalau ndivyo ilivyoonekana, kwa sababu Jumapili iliyofuata Susu alikuwa ameketi sebuleni na kiondo cha mbaazi miguuni. Mwanzia alikuwepo. Nami nilikuwepo, kama kawaida yangu.

"Kamanthe," Susu akasema, "mimi sikuja kugombana. Wewe uko na kazi, na kazi si mbaya. Hata hii paka inakula juu ya hiyo kazi. Lakini huyu mtoto analelewa na mgongo. Kila saa nikikuja naona yeye anaongea na mgongo yako. Nipe jina langu. Akae kwangu. Shule iko karibu, maziwa iko, na mimi sina kitu ingine ya kufanya ila kumsikiliza."

Kamanthe akamtazama mumewe. Mwanzia akatazama kofia yake.

"Ni kidogo tu," akasema. "Mpaka kazi ipungue."

Nakijua kidogo cha Mwanzia. Alisema atakaa Konza kidogo tu pia. Lakini alikuwa mtoto mbele ya mama yake, na mambo hayo yana mpaka wake. Wakakubaliana hivi: mwaka umalizike. Susu angekuja Januari, kabla ya shule kufunguliwa. Akikuta nyumba bado iko vile ilivyo, angeondoka na Kalunde. Kamanthe alimwambia mama mkwe wake, "Nimesikia, mwaitu," yaani mama, kwa heshima yote, kisha akaenda nyuma ya nyumba, akakaa huko muda mrefu kuliko unaohitajika kuchukua kuni.

Na hapa ndipo ningemkata mtu wa bahati maneno. Kwa sababu mwanamke mwingine angelia, au angeiuza mashine, au angempeleka mtoto na kujiambia ni kwa faida yake. Kamanthe alifunga kibwebwe. Jumanne yake alimwita fundi Kimeu na nyundo.

Kimeu alitoboa ukuta wa sebule, upande unaotazama njia, palepale kando ya mashine. Akaweka dirisha la mbao linalofunguka kwa nje, lenye ubao wa kuegemeza mikono na komeo kwa ndani. Wiki hiyo Kamanthe akatoa amri yake. Anayetaka sweta, dirishani. Anayetaka kusalimia, mlangoni. Dirishani hakuna chai. Mlangoni hakuna sweta.

Watu walinuna. Hamjui jinsi watu walivyonuna. Katekista alipitia njia ya mbali mwezi mzima ili asilione dirisha lile. Mimi niliona amri hiyo ni ya watu wengine, nikaingia mlangoni kama zamani, nikaketi, nikatoa sweta ya mpwa wangu kwenye mfuko.

"Mwalimu," Kamanthe akasema bila kuacha kusukuma mashine, "umekuja kama mgeni ama kama mteja?"

"Nimekuja kama Pauline."

"Na hiyo sweta?"

"Kiwiko kimetoboka."

"Basi Pauline akae, sweta izunguke."

Nilidhani ni mzaha. Haukuwa mzaha. Nilitoka na miaka yangu yote ya ualimu, nikazunguka nyumba, nikasimama dirishani kwenye jua, nikampa sweta mtu niliyekuwa nimeketi naye dakika moja iliyopita. Akaipokea vizuri sana. Akaniambia Ijumaa. Nilikwenda moja kwa moja kwangu na sikukanyaga kwake wiki mbili. Nilimwita majina ambayo siwezi kuyaandika.

Lakini dirisha lilifanya kazi yake. Chai ikapungua, sweta zikaongezeka, na hapo ndipo kosa lake lilipojificha. Maana mteja wa mlangoni alikuwa na aibu kidogo. Hawezi kuingia nyumba ya watu saa yoyote. Dirisha halina aibu. Watu waligonga alfajiri kabla ya kwenda sokoni, waligonga saa ya chakula, waligonga wakitoka kanisani. Kamanthe alikuwa amefunga tundu moja la panya akafungua lango la ng'ombe. Mgongo ule Susu aliolalamikia sasa uligeukia nyumba kutwa nzima, na uso ukawa wa watu wa dirishani.

Nilikuwepo siku ile ya Oktoba. Nilikuwa nimeshamaliza kununa na nilikuwa kwenye foleni kama raia mwema, nyuma ya wanawake wawili. Nyuma yangu nikasikia pumzi. Nikageuka, nikamwona Kalunde, mfuko wa shule mgongoni, amesimama kwenye foleni ya mama yake mwenyewe.

"Mbona huingii ndani?" nikamuuliza.

"Ndani ananiambia ningoje," akasema. "Hapa watu wanasikizwa."

Nikampisha. Wale wanawake wawili walipoondoka, akapanda juu ya jiwe, kichwa kikafika kwenye ubao. Kamanthe alikuwa ameinama anafunga uzi.

"Unataka saizi gani?" akauliza bila kuinua macho.

"Mimi ni Kalunde."

Uzi ukamponyoka. Mtoto akafungua kiganja. Ndani yake kulikuwa na jino dogo, lenye damu iliyokauka. Jino lake la kwanza kutoka, lilitoka wakati wa mapumziko ya asubuhi, na alikuwa amelibeba siku nzima mkononi, kwenye hesabu, kwenye Kiswahili, njiani kote, ili amwonyeshe mama yake.

Nimeona mengi katika kazi yangu lakini uso ule wa Kamanthe nisingependa kuuona tena. Alinyoosha mikono yote miwili kupitia dirishani, akamvuta mtoto ndani na mfuko wake na kila kitu, kama mtu anayemtoa mtoto kisimani. Sikuuliza habari ya kiwiko cha pili cha mpwa wangu, kilichokuwa kimenileta. Nilikwenda zangu nyumbani nikakaa kitandani nikajiuliza ni jino gani la wanangu nililolikosa mimi, nikiwa nimeketi kwa Kamanthe nakunywa chai.

Ijumaa yake Kamanthe aliishiwa na uzi wa maruni. Alikuwa akinunua kwa Duale, mfanyabiashara Msomali mwenye duka la vitambaa na nyuzi mjini, karibu na stendi. Tulikwenda wote wawili, kwa sababu darasa la kwanza hutoka mapema na nilikuwa na haja ya pazia. Tukakuta duka limefungwa. Ilikuwa saa saba na Duale alikuwa amekwenda msikitini. Nje walisimama watu wanane au tisa, wameegemea ukuta. Kamanthe alichemka. Alitazama kivuli chake, alitazama barabara, akasema mtu mwenye akili hafungi duka mchana peupe. Nikamwambia twende duka lile lingine. Hakuondoka, kwa sababu uzi wa duka lile hutoa rangi.

Na akiwa amesimama pale, hasira ikampungua, akaanza kutazama wale watu. Mmoja aliondoka. Mwingine akaja. Wengine walikuwa wanapiga gumzo, mmoja ananunua ndizi. Hakuna aliyekuwa anakufa.

Duale alirudi na kofia yake nyeupe, akafungua makufuli bila haraka, hakuomba msamaha hata kwa nusu neno. "Karibuni, karibuni," akasema.

Kamanthe alipofika kaunta hakutaja uzi. "Duale, wewe huogopi? Wateja wakienda kwa mwingine?"

"Wengine wanaenda, mama."

"Na unawaacha tu?"

"Nitawafunga kamba?" Duale akacheka. "Mimi niko na saa yangu na Mungu. Hiyo saa si ya kuuza. Mwenye anataka Duale anajua Duale anarudi. Haya, maruni ngapi?"

Njia nzima ya kurudi nilizungumza mimi, kuhusu pazia. Tulipokaribia nyumbani Kamanthe akasema, "Mwalimu, mtoto wangu anafika nyumbani saa ngapi?" Nikamwambia akitembea vizuri, saa kumi kasoro. Akaitikia kwa kichwa.

Jumatatu dirisha lilikuwa na maandishi ya chaki, mwandiko wake mnene: LINAFUNGWA SAA KUMI. Na saa kumi kasoro dakika mbili alivuta mbao, akatia komeo, akaifunika mashine kwa leso na kuketi kwenye kigoda mlangoni, akitazama njia anayotokea Kalunde.

Msidhani ilikuwa rahisi. Wiki ya kwanza mikono yake haikujua pa kukaa. Niliiona ikienda na kurudi juu ya mapaja, inafuma hewa. Watu waligonga. Walibembeleza, walikohoa, walimwita majina ya baba yake. Kalunde mwenyewe hakuamini. Kila mlio wa dirisha ukisikika alikuwa ananyamaza katikati ya hadithi yake na kungoja mama yake ainuke.

"Mama, wanabisha."

"Nasikia. Endelea. Huyo Mbithi alimwaga wino, halafu?"

Mwanzia alipokuja Jumamosi yake alisimama mbele ya yale maandishi ya chaki kwa muda. "Sasa unafukuza watu?" akauliza. Kamanthe akamjibu kwamba hafukuzi mtu, anawaambia saa tu, na kama yeye Mwanzia ana njia nyingine ya kumweka mtoto nyumbani, aiseme sasa hivi. Siku hiyo Mwanzia alimenya vitunguu.

Kisha Kamanthe akafanya jambo lililonishangaza kuliko dirisha lenyewe. Alikwenda shule baada ya shule, kwa miguu, na kuziambia nane kati ya kumi na mbili kwamba hatazifumia tena. Akabakiza nne, zile zenye rangi zisizofanana hata kidogo. Hizo nne akazifumia mapema, Oktoba na Novemba, wakati wengine wanalala, ili Januari isimkute anakimbia. Aliniambia, "Mwalimu, mimi nilifikiri nikikataa kazi moja nitakufa njaa. Kumbe nilikuwa nakufa kwa kushiba." Nilitamani niwe nimesema mimi.

Januari ikafika. Alhamisi kabla ya shule kufunguliwa, Susu akatokea na kiondo chake cha mbaazi, na ndani ya kiondo, juu kabisa, mfuko mtupu wa kutia nguo za mtoto. Hakuuficha. Kamanthe aliuona, mimi niliuona. Niliingia mlangoni, kama mgeni, mikono mitupu, na safari hii sikutoa viatu.

Saa kumi dirisha likafungwa. Watu watatu walikuwa wamebaki nje, nao wakaambiwa kesho saa moja. Susu akainua nyusi. Kamanthe akamimina mbaazi kwenye sinia, akaliweka mapajani, Kalunde akajisogeza upande mmoja, wakaanza kumenya. Mtoto alikuwa anaeleza kitu kirefu kuhusu ndoto iliyokuwa na mbuzi mwenye funguo. Kamanthe aliuliza maswali. Alitaka kujua funguo zilikuwa za nini.

Kukaja mlio wa gari. Mlango wa gari ukafungwa, halafu dirisha likapigwa, si kwa kidole, kwa ngumi.

"Mama Kalunde! Mama Kalunde, fungua!"

Tulimjua kwa sauti. Alikuwa mwalimu mkuu wa akademi moja mpya, mwanamume wa tai na haraka, aliyekuwa ameahidi tangu Desemba kwamba huenda akampa Kamanthe sweta za shule yake yote. Shule nzima, rangi moja, kila mwaka. Kazi ya kumfanya mtu asitafute nyingine. Nilitazama komeo, nikatazama mikono ya Kamanthe. Ilikuwa imesimama juu ya mbaazi.

"Mama, wanabisha," Kalunde akasema kwa sauti ndogo.

"Nasikia. Zilikuwa funguo za nini?"

Mwalimu mkuu alizunguka nyumba, akaingia mlangoni na faili kwapani. Kamanthe akainuka kwa heshima, akampa mkono, akampa kiti. "Karibu, mwalimu. Unywe chai. Hapa mlangoni ni chai. Mambo ya sweta ni dirishani, kesho saa moja asubuhi, na utakuwa wa kwanza."

Mtu yule alidhani hakusikia vizuri. "Mama, mimi natoka Nairobi. Nina nusu saa. Shule inafunguliwa Jumatatu."

"Najua. Lakini saa hii niko na mtoto."

"Mtoto?" Akamtazama Kalunde kama mtu anayetafuta palipo na ugonjwa. "Ana nini?"

"Hana kitu," Kamanthe akasema. "Ananiambia ndoto."

Hata Susu hakuvumilia. "Kamanthe, enda ufungue," akasema kwa Kikamba. "Hiyo ni kazi kubwa. Mimi nitakaa na yeye."

"Hapana, mwaitu," Kamanthe akajibu. "Nikifungua leo nitafungua kila siku."

Mwalimu mkuu hakunywa chai. Alitoka, gari likanguruma, likaenda upande wa mjini, na kesho yake saa moja hakuwepo dirishani wala hakuja tena. Alimpa kazi hiyo mtu mwingine, na kwa miaka mingi baadaye tuliona watoto wa akademi ile wakipita na sweta zilizovutika mpaka magotini. Kamanthe aliumia. Alitaka ile kazi, msidhani hakuitaka.

Lakini jioni ile, gari lilipopotea, alirudi akaketi, akaweka sinia mapajani. Susu alitazama dirisha lililofungwa, akamtazama mkaza mwana wake. Halafu akafanya jambo la haki, ambalo namheshimu kwalo mpaka leo. Hakumngoja Mwanzia arudi, hakumuuliza Kamanthe. Alimvuta mtoto kwa mkono.

"Kalunde, jina yangu. Nilikuja kukuchukua. Kwangu kuna maziwa, kuna ndama imezaliwa juzi, iko na alama nyeupe hapa. Utalala na mimi. Unataka twende?"

Kamanthe hakuinua kichwa. Aliendelea kumenya ganda moja ambalo lilikuwa tupu.

Mtoto alifikiria. Niliona akimtaka yule ndama. "Nitakuja likizo," akasema mwishowe.

"Si likizo. Kukaa."

"Siwezi kukaa, Susu," Kalunde akasema, kama anayemweleza mtu mzima jambo ambalo kila mtu analijua. "Saa kumi mama ananingojea."

Hapo Kamanthe alilia. Alilia mbele ya mama mkwe wake, kwa sauti, jambo ambalo kwetu mke aliyelelewa hafanyi. Susu hakumkemea. Alinyoosha mikono, akaliondoa sinia mapajani mwa mkaza mwana wake, akaliweka kwenye mapaja yake, na akaendelea kumenya mbaazi.